Maji ya Kunywa Kazini na Mashaka ya Moyo

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi mmoja wa genge la njia mbele ya wanachama wa Kitale, na kurudiwa mbele ya wanachama wa Bungoma)



Nimeombwa na halmashauri ya tawi niseme machache juu ya maji ya kunywa kazini. Niliposema maneno haya Kitale wiki mbili zilizopita, wengine walicheka. Ndugu mmoja aliuliza kama tumeacha shughuli zetu za Jumamosi ili tuje kufundishwa kunywa maji kama ndama. Sikukasirika, maana zamani hata mimi ningalicheka. Mimi si daktari. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha nikashika sululu. Niliyo nayo ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, na yale niliyoyasoma, na yale niliyomwuliza bwana wa zahanati mpaka akanichoka.

Nitaanza na babu yangu. Yeye alikuwa fayamani katika magari ya moshi ya zamani, akafanya kazi hiyo miaka mingi kabla ya magari ya dizeli kushika njia yote. Alituambia kwamba mbele ya macho ya fayamani palikuwa na kioo chembamba kilichosimama wima, na ndani yake maji yalipanda na kushuka. Kioo kile kilimwonyesha maji yaliyobaki ndani ya boila. Maji yakishuka chini ya alama, bati lililo juu ya moto hushika joto kupita kiasi, na boila yaweza kupasuka ikaua watu. Kwa hiyo fayamani hakuuliza kama gari linasikia kiu. Alitazama kioo. Na njiani kote palijengwa matangi ili gari lisikose maji. Yale magari makubwa ya daraja la 59, yaliyofanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi tangu miaka ya 1950, yalichukua zaidi ya galoni 8,000 za maji. Tena reli yenyewe ilipokuwa ikijengwa katika nyika ya Taru, pale pakavu, maji yaliletwa kwa treni kutoka nyuma ili kazi isisimame.

Basi reli inajua sana habari za maji. Imejua tangu siku ya kwanza. Mimi nashangaa kuona kwamba chombo cha chuma kiliwekewa tangi na kioo na mtu wa kukitazama usiku na mchana, na sisi wa genge tunapelekwa maili nyingi kutoka stesheni na mtungi mmoja.

Sasa niwaambie yaliyonipata mimi. Mwaka 2022, mwezi wa pili, nilikuwa kibarua wa mkandarasi mmoja, jina lake sitalitaja. Tulikuwa watu 10 katika njia ya tawi la Kitale, kupita Soy, tukibadilisha mataruma na kupiga kokoto. Nyinyi wa Bungoma mnajua joto lenu, mkitoka jasho mnaliona. Lakini Kitale iko juu, asubuhi kuna baridi, mtu anaanza kazi amevaa sweta, na upepo wa mlimani unakausha jasho kabla halijashuka. Kwa hiyo mtu wa Kitale hudhani hatoki jasho. Anatoka, tena sana, ila upepo umemwibia asijue.

Mtungi wetu ulikuwa wa lita 20. Siku ile ulibaki ndani ya lori, na lori likaenda kuchukua vifungo. Kufika saa saba hatukuwa tumekunywa kitu ila chai ya asubuhi. Ndipo mwenzangu mmoja, baba wa watoto wanne, mtu mpole kabisa, akaangusha taruma karibu na mguu wangu. Halikunigusa. Lakini mimi niliwaka kama petroli. Nilimtukana, nikamtukana na mama yake, na nilikuwa nimeinua koleo wakati nyapara aliponishika mkono. Mzee yule akaniambia, "Kijana, wewe si mtu wa namna hii, una nini leo?" Sikuwa na jibu. Kichwa kilikuwa kinagonga, mdomo umekauka, na nilikuwa nimeingia kazini na shida zangu: karo ya mtoto ilikuwa imechelewa na mshahara nao umechelewa.

Nusu saa baadaye yule mwenzangu niliyemtukana akaanguka. Alikuwa akisema maneno yasiyo na maana, akiita watu wasiokuwapo. Tulimweka chini ya mti, tukamvua shati, na mama mmoja wa boma la karibu akatuletea maji, tukammwagia mwilini na kumpepea kwa matawi. Mama yule alitufokea sana. Alisema hata ng'ombe wa kulimia hupelekwa mtoni saa sita. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki akiwa katikati ya watu wawili. Alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini siku tatu alizolala hakulipwa hata senti moja.

Nilipokwenda kumtaka radhi, nilipita zahanati nikamwuliza yule bwana: kiu yaweza kumfanya mtu kuwa mkali? Akaniambia ndiyo, tena yaweza kumfanya asahau na akose shabaha. Tangu hapo nimekuwa nikiitafuta habari hii, na nitawaeleza kwa kifupi vile nilivyoielewa.

Mwili unapokosa maji, damu huwa nzito kwa chumvi. Ndani ya ubongo kuna mahali panapopima jambo hilo kama mtu wa stesheni anayesikiliza simu. Pakiona maji yamepungua, hutoa homoni iitwayo vasopresini, nayo huenda kwenye mafigo na kuyaamuru yazuie maji yasitoke. Hiyo ni kazi njema. Lakini homoni hiyo hiyo huamsha na mahali pengine katika ubongo, panaposimamia mambo ya hofu na mashaka. Ni kama waya mmoja uliofungiwa kengele mbili, ukiivuta moja zinalia zote. Kengele ya pili ikilia, tezi zilizo juu ya mafigo hutoa homoni nyingine iitwayo kotisoli. Kotisoli si adui. Ndiyo inayokupa nguvu ya kukimbia ukiona nyoka. Taabu ni pale inapokuwa nyingi kila siku, mwezi baada ya mwezi. Madaktari wanaihusisha na ugonjwa wa moyo, ugonjwa wa sukari, na uzito wa moyo usiokwisha.

Mwaka 2025 wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Liverpool, Uingereza, walitoa habari ya uchunguzi wao. Walichukua vijana wenye afya, kundi moja ni wale ambao kwa desturi yao hunywa chini ya lita moja na nusu kwa siku, kundi la pili ni wale wanaokunywa maji ya kutosha. Wakawatia wote katika jaribio la kuogofya: kusimama mbele ya wakubwa na kujieleza kama mtu anayetafuta kazi, kisha kufanya hesabu kwa kichwa huku wakitazamwa. Sisi tunalijua jaribio hilo, maana ndivyo tunavyosimama tukiitwa ofisini kujibu barua ya makosa. Wote waliingiwa na hofu sawasawa, na mioyo yao ilipiga mbio sawasawa. Lakini kotisoli ya wale wanywaji wa maji kidogo ilipanda zaidi kwa asilimia 50 na kitu kuliko ya wenzao.

Na jambo hili ndilo lililonigusa zaidi: wale waliokunywa kidogo hawakusema kwamba wana kiu kuliko wenzao. Kiu haikuwaambia kitu. Kilichowaonyesha ni mkojo wao, uliokuwa wa rangi nzito.

Basi ndugu, kioo cha fayamani ndicho hicho. Mniwie radhi mama zangu kwa kutaja jambo hili mbele yenu. Mkojo ukiwa mweupe au wa manjano hafifu kama maji ya limau, boila lako lina maji. Ukiwa kama chai ya rangi, ongeza maji. Ukiwa kahawia kama soda ya kola baada ya kazi nzito, usinywe maji tu na kurudi kwenye sululu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Rangi yaweza kubadilishwa na dawa au vitamini, na mkojo wa alfajiri huwa mzito kidogo kwa watu wote, kwa hiyo tazama ule wa mchana.

Hapa nataka tusidanganyane. Maji hayalipi karo. Maji hayaleti mshahara uliochelewa, wala hayamtoi mdai mlangoni. Nasema hivi kwa sababu najua wako wakubwa watakaofurahi kusikia kwamba dawa ya mashaka ya mfanyakazi ni kikombe cha maji, wakabandika karatasi ukutani na kusema wametimiza kazi yao. Sivyo. Mashaka yetu mengi yana mizizi yake, na mizizi hiyo chama hiki kinaichimba kila siku. Lakini mtu aliyekauka anabeba mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, na huo wa pili hauna haja ya kuwapo. Mimi siku ile nilikuwa na shida ya karo, kweli, lakini asubuhi yake nilikuwa na shida ile ile na sikumwinulia mtu koleo.

Sasa, mtu anywe kiasi gani? Vipimo vya Ulaya ni lita 2 kwa mwanamke na lita 2 na nusu kwa mwanamume kwa siku, pamoja na maji yaliyo ndani ya chakula. Hicho ni kipimo cha mtu asiyefanya kazi nzito, tena mahali pasipo na joto kali. Kwa mtu wa kazi ngumu juani, wataalamu wa afya ya wafanyakazi wa Marekani wanashauri kikombe cha karibu robo lita kila baada ya dakika 15 au 20, na wanaonya mtu asizidi kama lita moja na nusu kwa saa, kwa kuwa maji mengi mno kwa mara moja hufanya chumvi ya damu ipungue na hiyo nayo huua. Kidogo kidogo, mara nyingi. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa mafigo amwulize daktari wake kwanza.

Tufanye hesabu pamoja, hesabu ya darasa la nne. Kikombe cha robo lita kila dakika 20 ni vikombe 3 kwa saa. Saa 6 za kazi ni vikombe 18, yaani lita 4 na nusu kwa mtu mmoja. Genge la watu 10 linahitaji lita 45. Sisi tulipewa mtungi wa lita 20, nao ukaondoka na lori. Hesabu hii iandikeni, maana tutaihitaji mezani.

Wengine wameniuliza habari ya chai. Chai ni maji, kunyweni, na uji vilevile. Soda ina sukari nyingi. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana wetu wanavipenda, humfanya mtu ajione hana uchovu huku mwili umechoka. Busaa mtaninyamazisha nikiigusa hapa Bungoma, kwa hiyo nasema tu kwamba anayekunywa pombe usiku wa kuamkia kazi anakuja juani akiwa tayari amepungukiwa. Na maji ya Nzoia msiyanywe vivi hivi kwa sababu yanapita karibu. Yachemsheni au tieni dawa ya klorini, kwani hakuna faida kukwepa kiu na kupata homa ya matumbo. Mtu aliyetoka jasho sana au anayehara, mchanganyikie maji safi lita moja, vijiko 6 vya chai vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko cha chumvi. Aliyezimia au aliyechanganyikiwa asilazimishwe kunywa, yatamwingia mapafuni. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, apelekwe hospitali upesi.

Ndugu zetu wanaokata miwa pande za Bukembe, ambao naona wachache wamekuja leo, jambo hili ni lenu zaidi kuliko letu. Huko Nicaragua na El Salvador, Amerika ya Kati, wakata miwa kwa maelfu wamekufa kwa ugonjwa wa mafigo, wengi wakiwa vijana, watu wasio na sukari wala presha. Wataalamu wanaona kwamba kazi nzito katika joto kali, pamoja na kukauka kwa mwili siku baada ya siku, vina sehemu kubwa katika ugonjwa huo. Katika kiwanda kimoja cha sukari huko Nicaragua walianza mpango wa maji, kivuli na mapumziko yaliyopangwa kwa saa, na madhara ya mafigo yakapungua. Shirika la Kazi Ulimwenguni lilisema mwaka 2024 kwamba watu milioni 26.2 duniani wana ugonjwa wa mafigo uliohusishwa na joto la kazini. Na vijana wetu waliokwenda Qatar wanajua kwamba tangu mwaka 2021 sheria ya huko inakataza kazi ya nje juani kutoka saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, tangu Juni 1 hadi Septemba 15. Sheria hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Watu walikufa kwanza, na watu wakapiga kelele.

Sisi tunayo sheria yetu, nayo haitaki kelele nyingi, inataka kusomwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yasema mwajiri atatoa maji safi ya kutosha kwa ajili ya wafanyakazi wake mahali pa kazi. Haikusema atatoa akipenda, wala haikusema ofisini tu. Mahali pa kazi petu ni pale genge lilipo, hata kama ni porini kati ya Leseru na Moi's Bridge. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yataka kamati ya usalama kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawe na wajumbe ndani yake. Nimewauliza wanachama wa Kitale ni wangapi wanamjua mjumbe wao. Mikono mitatu iliinuka.

Kuna jambo la mwisho, na hili sikulijua mpaka niliposema maneno haya Kitale. Baada ya mkutano mama mmoja alinifuata nje. Yeye ni mlinzi wa geti la njia. Akaniambia, "Ndugu yangu, umesema vizuri, lakini mimi siwezi kunywa hayo maji yako." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Choo kiko wapi?" Kumbe tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni yeye hanywi hata funda moja, kwa makusudi, kwa kuwa hapo getini hakuna choo, na kichakani kuna wapita njia na wahuni. Ameugua kibofu mara tatu katika mwaka mmoja. Na wenzake, akasema, wote hufanya hivyo hivyo.

Niliona haya. Sisi wanaume tunageuka tu upande wa pili wa tuta, tumemaliza, na hatujawahi kufikiri. Kwa hiyo hapa Bungoma nabadili maneno yangu ya Kitale. Huko nilisema tudai mtungi wa pili kwa kila genge na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha haukauki. Sasa nasema tudai mtungi na choo katika barua moja, hata kama ni choo cha kuhamishika cha genge, na tusikubali kupewa kimoja na kuahidiwa kingine.

Katibu amekubali kuandika barua hiyo. Anachohitaji kutoka kwenu ni orodha: kila geti, kila genge, kila stesheni ndogo, watu wangapi, maji lita ngapi kwa siku, yanatoka wapi, choo kipo au hakipo. Karatasi ziko pale mezani kwa mtunza hazina, na kalamu mbili. Asiyeandika vizuri aje kwangu nimwandikie. Zirudi kabla ya mwisho wa mwezi.

Nakaa chini sasa nijibu maswali. Nadhani mama yule wa nyuma, mwenye leso ya kijani, alikuwa ameinua mkono tangu nilipotaja choo.